Kuchemsha Hakutoshi: Floraidi Chini ya Mlima Meru

Chemsha maji ya kunywa. Kila kliniki ya mama na mtoto nchini hutoa ushauri huo, na ni ushauri mzuri, kwa sababu moto unaua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Ila pande za Mlima Meru ushauri huo una upungufu. Maji mengi ya huku yana madini ya floraidi, na floraidi haifi kwa moto. Sufuria ikichemka, kinachopaa ni mvuke mtupu. Madini yanabaki chini. Ukibandika lita tano ukaepua nne, kila kikombe kina floraidi robo zaidi ya ilivyokuwa bombani. Mama aliyetii kwa makini amemkinga mwanawe na kuhara, na hapohapo amemzidishia kitu kingine kinachoumiza polepole.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kijana wa Arumeru akienda Dar es Salaam kusoma au kutafuta kazi, hajamaliza kujitambulisha ameshaulizwa kwa utani kama ni mtu wa Arusha, kwa sababu ya meno. Yana madoa ya njano au ya kahawia, na mengine yamemomonyoka kingo. Wengi wamezoea kucheka huku wameziba mdomo. Utani huo una upande usiochekesha hata kidogo. Anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huiweka mifupani pia: mgongo unakakamaa, viungo vinauma, na kwa baadhi ya watoto miguu inapinda. Hakuna dawa ya kuitoa floraidi iliyokwisha kujijenga ndani ya jino au mfupa.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Miamba yake ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na hapo ndipo kilipo kiini cha jambo. Mahali penye kalsiamu ya kutosha majini, kalsiamu huikamata floraidi, zikaungana na kutuama kama jiwe. Maji ya Meru hayana kalsiamu ya kuifanya kazi hiyo, hivyo floraidi inayotoka kwenye mwamba hubaki imeyeyuka na kusafiri na mkondo hadi kwenye ndoo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima ulibomoka, tope na mawe vikamiminika hadi eneo la Momela. Maziwa madogo yaliyotokea huko hayana pa kutokea. Jua linakausha maji na kuacha madini, na floraidi yake hufikia mamia ya miligramu kwa lita. Flamingo wanastawi hapo. Binadamu hawezi kunywa.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1984 J. T. Nanyaro na wenzake walichapisha utafiti wa maji ya kaskazini mwa Tanzania: mto Maji ya Chai ulikuwa na zaidi ya miligramu 10, na mto Ngarenanyuki zaidi ya 20. Chemchemi za juu mlimani kwa kawaida huwa na nafuu. Maji yanavyozidi kuteremka na kukaa na udongo wa volkano, ndivyo yanavyozidi kubeba. Kwa hiyo vijiji viwili vinavyoonana vinaweza kunywa maji tofauti kabisa, na hakuna ulimi utakaovitenganisha, kwa kuwa floraidi haina rangi, harufu wala ladha.

Elimu yenyewe si mpya. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901 akakuta watu wenye meno ya kahawia, akatumia miaka thelathini kutafuta sababu, hadi mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipoikuta floraidi ndani ya maji. Huku kwetu, P. Grech na Michael Latham waliandika juu ya ugonjwa huu katika mkoa wa kaskazini wa Tanganyika mwaka 1964. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, viwango vya muda vya maji vijijini viliruhusu miligramu 8 kwa lita. Ni rahisi leo kuwalaumu walioandika kiwango kile, lakini uchaguzi wao ulikuwa mgumu: wangeshika 1.5, visima vingi vingefungwa na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu. Baadaye kikashushwa hadi 4, na mwaka 2018 Tanzania ikafikia 1.5. Karatasi imesogea. Maji ya Ngarenanyuki hayajui kwamba kiwango kimebadilika.

Hapo ndipo suala la kemia linapogeuka kuwa suala la nani ana nini. Jijini Arusha, mamlaka ya maji, AUWSA, imepata mradi wa takribani shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na moja ya njia zake ni kuchanganya maji ya vyanzo vyenye floraidi nyingi na ya vyanzo vyenye kidogo. Mwenye mshahara hununua maji ya chupa na wala hasubiri mradi. Mwenye bati na tangi kubwa anakinga mvua, na maji ya mvua karibu hayana floraidi. Anayebaki ni yule wa nyumba ya udongo huko chini, anayechota mtoni au kwenye kisima cha kijiji, anayefanya kazi juani na kunywa maji mengi, na ambaye chakula chake hakina maziwa ya kutosha kumpa kalsiamu. Floraidi ileile humuumiza zaidi mwenye lishe duni.

Tena haiji kwa maji peke yake. Siku ya gulio Tengeru utayakuta magadi yamepangwa mafungu, mengine meupe, mengine yana rangi ya udongo. Ukiyatia kwenye makande au maharage, yanaiva upesi, na kuni zinabaki za kesho. Watafiti wa meno hapa Tanzania walikuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika vijiji ambavyo maji yake hayana neno, na miaka ya 1990 wakayahusisha na magadi. Kiasi cha floraidi ndani yake hutofautiana mno kati ya fungu na fungu, na muuzaji hawezi kujua. Kumwambia mama aache magadi ni kumwambia atafute kuni zaidi. Ushauri wa afya usiohesabu kuni hauna maana jikoni. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale kunapunguza muda wa kupika, na hilo angalau halimgharimu kitu.

Sasa tuje kwenye njia ya kuichuja floraidi majini, nayo inaanza na mifupa. Mfupa wa ng'ombe na jino la mtoto vimejengwa kwa madini ya aina moja, yaliyotokana na kalsiamu na fosfeti. Floraidi huyapenda madini hayo: ikipita, hujipenyeza na kuchukua nafasi ya chembe nyingine iliyokuwa imekaa pale. Jinsi inavyomharibu mtoto ndivyo hivyo hivyo inavyoweza kunaswa. Ipe floraidi mfupa wa ng'ombe kwanza, na jino halitaikuta.

Kituo cha utafiti cha serikali kilichopo Ngurdoto, barabara ya Moshi, kimeifanyia kazi njia hii kwa miongo mingi. Mifupa hukusanywa machinjioni, hupangwa ndani ya tanuri, ikachomwa huku hewa ikibanwa, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi. Ufundi wote uko kwenye hewa na moto. Moto ukiwa haba, mfupa hutoka mweusi wenye mafuta ndani, na maji yatakayopita yatanuka. Mtu akionja mara moja, hutamrudisha tena kwenye chujio hilo. Moto ukizidi, mfupa hutoka mweupe kama chaki na nguvu yake ya kunasa floraidi imepotea. Unaotakiwa ni wa kijivu. Husagwa, huchekechwa upate punje, huoshwa, kisha hujazwa kwenye ndoo au bomba ambamo maji hupita taratibu.

Hapohapo njia ya pili ilijaribiwa miaka ya 1990, ile iliyotoka India ya kutia shabu na chokaa kwenye ndoo, kukoroga, na kusubiri uchafu utuame. Ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata, kwani inataka vipimo kila siku, na mwenye kuvipima ni mama aliyeamka alfajiri.

Mfupa nao una maswali yake. Waislamu watauliza kama ni wa mnyama aliyechinjwa, Wahindu watauliza kwa nini uwe wa ng'ombe, na mfugaji wa Kimeru ana haki ya kuuliza kwa nini maji yake yapitishwe kwenye mabaki ya machinjio. Maswali haya hayajibiwi na mkemia. Yanajibiwa kwenye mkutano wa kijiji, na sheikh, mchungaji na laigwanani, kiongozi wa mila, wakiwapo. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba chujio likishiba halisemi. Maji yanaendelea kutoka safi, matamu, na yenye floraidi yote. Bila mtu wa kupima na kubadilisha punje, familia itakunywa kwa imani kwa miaka.

Kwa hiyo waliofanikiwa wamejenga huduma kwanza, chujio baadaye. Nakuru, Kenya, ambako Bonde la Ufa lina shida hii hii, Jimbo Katoliki lilianza kuchoma mifupa mwaka 1998, likauza machujio, likapima maji na kubadilisha punje zilizochoka. Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mhandisi kemia Askwar Hilonga alibuni chujio linalounganisha mchanga na vifaa vya nano, akashinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya mwaka 2015 inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Sehemu ninayoipenda zaidi kwenye kazi yake ni vile vituo ambako mwenye chujio huuza maji kwa majirani. Asiyeweza kununua mtambo ananunua ndoo, na mwenye kituo ana sababu ya kuutunza.

Vijijini vyombo vya watumia maji viko tayari, chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Wahudumu hawa wanaingia majumbani, wanajua mwenye mimba ni nani na mtoto mchanga yuko wapi. Kwangu mimi hao ndio wanaofaa kubeba kipimo cha floraidi pamoja na kipimo cha malaria, na kuamua nyumba ipi ipewe chujio kwanza. Si lazima maji yote ya kijiji yasafishwe. Ya kufulia, ya kuogea, ya ng'ombe na ya bustani yaachwe. Ya kunywa na kupikia kwa familia moja ni ndoo moja au mbili kwa siku.

Na si lazima waanze na watu wote. Jino huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Mtu mzima akihamia Arusha meno yake hayabadiliki. Hatari ya meno iko kati ya kuzaliwa na miaka minane hivi. Bomba kubwa kutoka chanzo salama ndilo suluhisho la kudumu, na linastahili kujengwa. Ila mtoto aliyezaliwa Leguruki, Arumeru, mwezi huu, gamba la meno yake ya mbele ya kudumu litakuwa limekamilika kabla hajatimiza miaka mitano, na upembuzi yakinifu, mkopo na zabuni ya bomba vinaweza kumaliza miaka hiyo yote kabla mtaro haujachimbwa.