Usikivu wa Sauti Garini na Unukuzi wa Fasihi Simulizi

Makala haya yanafafanua kwa nini rekodi moja husikika tofauti ndani ya gari, na athari za tofauti hiyo kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayesikiliza ngano au utenzi akiwa safarini.

Sikio zima la binadamu hupokea mitetemo ya takriban Hezi 20 hadi 20,000. Redio ya FM hupeperusha sauti zinazofikia Hezi 15,000 hivi. Nayo MP3, mfumo uliosanifishwa mwaka 1993, hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzitambua. Katika chumba kimya, rekodi iliyobanwa kupita kiasi hujifichua upesi, hasa kwenye mkwaruzo wa /s/.

Gari likiwa mwendoni, hali hubadilika. Katika matatu itokayo Eldoret kuelekea Kapseret, ngurumo ya injini na magurudumu hujaza masafa ya chini. Kanuni ya usikivu ni kwamba sauti nzito hufunika sauti nyembamba kwa urahisi zaidi kuliko kinyume chake. Hivyo basi, dosari za rekodi hafifu hufichika, na abiria hudhani rekodi zote ni sawa. Injini ikizimwa, tofauti hudhihirika.

Hata hivyo, kinachofichika si dosari pekee. Irabu za Kiswahili zina nguvu nyingi, kwa hiyo hustahimili kelele. Vikwamizi kama /f/ na /th/ ni dhaifu, na humezwa kwanza. Msikilizaji huweza kutatanishwa na jozi kama vile “thamani” na “samani”, au “fuka” na “suka”. Kuongeza besi hakusaidii, maana besi yenyewe ni sauti nzito inayofunika nyingine.

Muktadha wa sentensi huweza kumwokoa msikilizaji wa ngano. Katika ushairi, hatari ni kubwa zaidi. Kina cha “-fa” kikisikika kama “-tha”, mhakiki atamlaumu malenga kwa kukiuka arudhi, kumbe kosa ni la magurudumu.

Kwa hivyo, gari lafaa kwa burudani na kwa kufuatilia msuko wa hadithi. Unukuzi ufanyiwe mahali patulivu, kwa vipokea sauti vya masikioni, kutokana na rekodi asilia isiyobanwa. Neno linalotiliwa shaka lisikilizwe tena kabla halijaandikwa, kwani likishaingia katika tasnifu, wasomaji wataliamini.