Mbezi Beach hadi Ujiji kwa gari: safari ya siku tatu, si ya usiku mmoja

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi Desemba, mazungumzo ya nyumba nyingi za Mbezi Beach huelekea bara. Kwa wenye asili ya Kigoma, likizo imeshaombwa kazini, gari lipo, na kule Ujiji babu na bibi wanahesabu siku za kuwaona wajukuu. Hubaki swali moja: tuondoke saa ngapi? Jibu linalotolewa mara nyingi, tena kwa fahari, ni saa nane za usiku, ili kesho yake usiku tuwe tumeshafika.

Makala haya yanamwomba mzazi alitazame upya jibu hilo. Dini yetu imempa msafiri ruhusa nyingi kwa sababu inautambua udhaifu wake. Ni jambo la kusikitisha kwamba baba huipokea ruhusa ya kupunguza swala, kisha akaunyima mwili wake ruhusa ya kulala, hali amebeba roho za mkewe na watoto wake.

Hesabu ya njia

Kutoka Dar es Salaam hadi Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200. Mkazi wa Mbezi Beach hana haja ya kupita katikati ya jiji. Hukata njia ya Tangi Bovu, akapita Goba na kutokea Mbezi Mwisho kwenye barabara ya Morogoro. Ndugu mkiahidiana kukutana, tajeni Mbezi ipi: ya Beach iko Kinondoni, upande wa barabara ya Bagamoyo, na ile yenye kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli iko Ubungo.

Baada ya hapo ni Kibaha, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa hadi Dodoma, takriban kilometa 450. Kutoka Dodoma, kwa kupitia Bahi, Manyoni na Itigi hadi Tabora, ni karibu kilometa 390. Kutoka Tabora, kwa kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Kigoma na Ujiji, ni karibu kilometa 400.

Njia hii yenyewe imejigawa mafungu matatu yanayokaribia kulingana, na kila fungu linaishia kwenye mji wenye misikiti, nyumba za wageni, mafundi na hospitali. Si jambo geni. Hii ni jirani ya njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, na kwa njia hiyo Uislamu uliota mizizi katika miji hiyo miwili. Waingereza Burton na Speke, waliosafiri kwa utaratibu wa misafara hiyo, waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, na Ujiji Februari 1858. Tabora palikuwa mahali pa kutua mizigo na kurudisha nguvu. Wazee wetu wa misafara hawakuona aibu kupumzika Tabora, basi kwa nini mwenye gari aone aibu kulala hapo usiku mmoja?

Hoja ya usiku

Msomaji mjuzi atasema kwamba Mtume (s.a.w.) amehimiza kusafiri usiku, kwa kuwa ardhi hukunjwa nyakati hizo. Ni kweli, Hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Lakini ilisemwa kwa waliopanda wanyama katika nchi ya joto kali, na mnyama huiona njia yake hata mpandaji akisinzia. Gari halina macho, na dereva akisinzia sekunde chache tu, gari limeshakwenda makumi ya mita bila mwongozaji.

Katika Sahihi Muslim mna mafundisho mawili yanayoikamilisha picha hii. La kwanza ni agizo la kumpa mnyama wa safari haki yake ya malisho, na mnapotua usiku kulala, mjitenge na njia, kwa kuwa njia usiku ni mapito ya wanyama. La pili ni kisa cha kurejea kutoka Khaybar. Mtume (s.a.w.) na maswahaba walisafiri usiku hadi usingizi ukawazidi. Bilal (r.a.) akapewa kazi ya kukesha awaamshe kwa swala ya Alfajiri, akaegemea mnyama wake, naye usingizi ukamchukua, hata jua likawachomozea wote. Ikiwa Bilal, kwa imani yake na jukumu alilopewa, alishindwa na usingizi, baba wa Mbezi Beach aliyeshinda kazini siku nzima asijione ameumbwa tofauti.

Anayeijua njia hii anafahamu yanayomngoja usiku: lori lililoharibika bila taa, likitanguliwa na matawi ya miti tu kama onyo, ng'ombe waliolala juu ya lami yenye joto, baiskeli isiyo na kiakisi mwanga. Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, wapo wanaoona usiku umekuwa salama kwa kila mtu. Kilichobadilika ni ruhusa, giza ni lile lile. Shirika la Afya Duniani limeeleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio tunaowapakia kiti cha nyuma.

Amiri wa safari

Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba wakisafiri watu watatu, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Katika safari ya gari, pendekezo letu ni kwamba jukumu la kutazama uchovu lisiachwe kwa dereva peke yake. Mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kuujua uchovu wake. Kabla ya kuwasha gari, baba na awaambie watu wa nyumbani mwake: mama akisema tusimame, tunasimama, na hakuna mjadala. Kila baada ya saa mbili gari lipumzishwe, watu washuke, wanyooshe miguu na kunywa maji.

Ndugu wa Ujiji nao waambiwe mapema: tutafika siku ya tatu, jioni. Simu za kila saa za kuuliza mmefika wapi ndizo humfanya dereva akanyage mafuta.

Wazee na wenye watoto wachanga wana njia nyingine. Tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa hufika Dodoma, kwa muda wa takriban saa nne. Bibi, mama na mtoto wanaweza kupanda treni asubuhi, na gari likawakuta Dodoma jioni. Gari lenye watu wachache lina nafasi ya kila mmoja kufunga mkanda wake. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, wala watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja. Mikono ya mama, pamoja na mapenzi yake yote, haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga.

Gari na njia ya Tabora

Wiki moja kabla ya safari, fundi akague breki, tairi, mfumo wa kupoza injini, taa na betri. Tairi la akiba lijazwe upepo, na jeki ijaribiwe nyumbani. Pembetatu za tahadhari na kizima moto viwepo, bima iwe hai. Mizigo mizito ikae chini, na kioo cha nyuma kisizibwe.

Hadi Manyoni njia ina magari mengi, kwa sababu malori ya Rwanda, Burundi na Kongo huitumia. Kuanzia hapo malori mengi huelekea Singida, nanyi mnaelekea Itigi. Toka Itigi hadi Tabora ni vichaka na misitu mirefu yenye makazi machache. Jazeni mafuta Manyoni au Itigi, chukueni maji ya kutosha, na msitegemee simu kila mahali. Desemba ni msimu wa mvua katika mikoa hiyo. Kabla ya kuondoka Tabora, waulizeni madereva wa mabasi hali ya njia ya Kaliua na Uvinza, hasa kandokando ya mto Malagarasi, na msivuke maji yanayopita juu ya barabara.

Swala na saa ya jua

Swalini Alfajiri nyumbani, ngojeni kupambazuke, kisha muondoke. Mkishauacha mji, ruhusa ya kupunguza imeanza, kama ilivyoelezwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 101. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Adhuhuri inaweza kukusanywa na Alasiri, na Magharibi na Isha, katika wakati wa mojawapo. Mkimfuata imamu mkazi, kamilisheni rakaa nne pamoja naye. Kwa madhehebu ya Shafi, mkinuia kukaa Ujiji siku nne kamili au zaidi, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, mtakamilisha swala tangu mnapofika.

Liko jambo ambalo wengi hulisahau. Saa ya ukutani ni moja Tanzania nzima, lakini jua halifuati saa hiyo. Tabora jua huzama takriban dakika 25 baada ya Dar es Salaam, na Ujiji karibu dakika 40. Kalenda ya swala iliyochapwa kwa ajili ya Dar es Salaam haifai huko. Aliyefunga sunna akafuturu Tabora kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam, amefungua kabla ya Magharibi.

Kabla ya kufunga mlango

Aandike wasia mwenye cha kuusia, na alipe deni linalolipika, ukiwemo mshahara wa dada wa kazi na mlinzi. Mtungi wa gesi ufungwe, na jirani mwaminifu aachiwe namba za simu. Fedha ya kulala Dodoma na Tabora iwekwe kando tangu mwanzo, kama ilivyowekwa ya mafuta. Familia nyingi huona gharama ya vyumba ni hasara, na hali hiyo ndiyo bei ndogo kuliko zote katika safari hii.

Kisha isomwe dua ya kipando, mioyo ikiwa imeshatimiza wajibu wake. Kutawakali huja baada ya kufunga kamba ya ngamia, na kamba ya ngamia wa leo ni breki nzima, mkanda uliofungwa na dereva aliyelala usiku.

Allah (s.w.t.) awafikishe salama wote wanaokwenda kuunga udugu, na awarejeshe salama. Wallahu a'lam.