Maktaba ya McMillan Yafungua Hazina Yake kwa Watu Wote

Katikati ya mji wa Nairobi, katika barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, lipo jengo la mawe lenye nguzo ndefu na ngazi pana. Simba wawili wa jiwe wanalinda mlango wake. Maelfu ya watu hupita mbele ya simba hao kila siku wakienda kazini, sokoni au kusali, na wengi wao hawajapata kupanda ngazi hizo hata mara moja. Jengo hilo ni Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan, iliyo kongwe kuliko maktaba zote za Nairobi.

Ndani yake mna mali ambayo haiwezi kununuliwa dukani. Si dhahabu wala pembe, bali ni karatasi: vitabu, magazeti ya zamani, matangazo ya Serikali, na kumbukumbu za maneno yaliyosemwa katika mabaraza ya kutunga sheria. Kwa miaka mingi karatasi hizo zilikaa katika vumbi, na watu waliojua kuwa zipo walikuwa wachache. Tangu mwaka 2018 imekuwapo kazi ya kuzitoa gizani ili mwananchi yeyote apate kuzisoma. Jambo hili lafaa lijulikane na kila mtu ajuaye kusoma, kwa maana habari zilizomo ni habari za ardhi yake, kodi yake na wazee wake.

ASILI YA JENGO

Sir William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis katika jimbo la Missouri. Alifika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akawa na shamba kubwa sana huko Juja. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza tu kazi ya urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake mwaka 1909 katika safari yake ya kuwinda. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao watu wengi huuita Kilimambogo.

Mjane wake, Lady Lucie McMillan, alitaka jina la mumewe lisipotee. Badala ya kusimamisha sanamu, aliamua kujenga maktaba. Shirika la Carnegie la New York lilisaidia kwa fedha, na jengo lilifunguliwa mwaka 1931. Mwaka 1938 ilitungwa sheria maalum ya kuilinda maktaba hiyo, na hata leo husemwa kwamba ndilo jengo la pekee nchini Kenya lenye sheria yake lenyewe.

MLANGO ULIOFUNGWA

Lakini zawadi hiyo haikuwa ya watu wote. Tangu siku ya kwanza maktaba ilikuwa ya Wazungu tu. Karani Mwafrika aliyepiga chapa barua za ofisi mchana kutwa, mwalimu aliyefundisha watoto kusoma, fundi Mhindi aliyekata mawe ya majengo ya mji, hao wote hawakuruhusiwa kuketi mezani humo na kufungua kitabu. Waliona nguzo na simba, basi.

Ni mwaka 1958, yaani miaka 27 baada ya kufunguliwa kwake, ndipo maktaba ilipopokea watu wa rangi zote. Mwaka 1962 ilikabidhiwa Baraza la Jiji la Nairobi, na ikawa mali ya umma. Wakazi wa mitaa ya mashariki wakapata matawi mawili, la Kaloleni na la Makadara, ili mtoto asihitaji nauli ya kwenda katikati ya mji ili apate kitabu.

Hata hivyo kufungua mlango si sawa na kufungua hazina. Mtu aweza kuruhusiwa kuingia ghalani asionyeshwe gunia la mbegu liko wapi. Wasomaji wengi walioingia McMillan baada ya uhuru walikuwa wanafunzi waliotafuta mahali pa utulivu pa kusomea vitabu vyao wenyewe. Magazeti ya kale na nyaraka za Serikali zilibaki katika vyumba vya nyuma na vya chini, bila orodha nzuri ya kumwonyesha mgeni kilichomo.

MALI ILIYOMO

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba maktaba hii ina vitabu na maandishi mengine yapatayo 400,000. Miongoni mwake mna magazeti na majarida ya Afrika ya Mashariki, mengine ya tangu kabla ya mwaka 1900, pamoja na kumbukumbu za Bunge zilizojalidiwa.

Mtu atauliza, "Gazeti la miaka mia iliyopita litanifaa nini?" Jibu si gumu. Kahawa ni mfano mmoja. Mkulima wa leo anayechuma kahawa katika shamba lake pengine hajui kwamba babu yake hakuruhusiwa kuipanda, na kwamba ni katika miaka ya 1930 ndipo Waafrika wachache, kule Kisii na Meru, walipopewa ruhusa hiyo. Mtu akitaka kujua ni nani waliokataza, kwa sababu gani walizozitoa, na ni nani waliobisha, maneno ya wazee hayatoshi peke yake. Mambo hayo yaliandikwa katika matangazo ya Serikali, katika magazeti, na katika mazungumzo ya Baraza la Kutunga Sheria.

Au tuseme kijana anataka kuufahamu mwanzo wa Bunge. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kwa miaka 37 Waafrika walitungiwa sheria za ardhi, za kodi na za kipande pasipo hata mmoja wao kuwamo. Kumbukumbu za mabaraza hayo huonyesha neno kwa neno yaliyosemwa wakati wenyewe hawapo, na tena yaliyosemwa walipopata msemaji. Hakuna hotuba ya mkutano wa hadhara iwezayo kufundisha jambo hilo kwa nguvu kama ukurasa wenyewe.

Ni kweli pia kwamba maandishi mengi ya zamani yaliandikwa na wageni, kwa macho ya wageni. Msomaji atakuta Mwafrika akitajwa kama mtumishi, mpagazi au mkosaji, na mara nyingi bila jina. Hii si sababu ya kuyatupa. Shahidi mwenye upendeleo bado ni shahidi, maadamu msikilizaji anajua upendeleo wake uko wapi.

ADUI WA KARATASI

Gazeti halikutengenezwa ili liishi miaka mingi. Karatasi yake hutokana na miti iliyosagwa, nayo ina asidi ndani yake. Likipigwa na mwanga hugeuka rangi ya manjano, kisha rangi ya kahawia, na mwishowe huvunjika kama jani kavu mtu akilikunja. Unyevu huleta ukungu. Mende na mchwa hula gundi ya majalada na karatasi yenyewe. Paa likivuja usiku mmoja, kazi ya miaka hamsini yaweza kuharibika kabla ya asubuhi.

Basi zipo njia mbili za kupoteza hazina ya namna hii. Moja ni kuiacha ioze. Ya pili ni kuifungia kabisa kwa kuogopa kuiharibu, hata isimfae mtu yeyote. Mtunza maktaba mwema ni yule anayepita katikati ya njia hizo mbili.

KAZI YA KUFUFUA

Mwaka 2017 wanawake wawili wa Nairobi, Bi Wanjiru Koinange, mwandishi wa vitabu, na Bi Angela Wachuka, aliyekuwa katika kazi ya uchapishaji, walianzisha chama kiitwacho Book Bunk. Mwaka uliofuata chama hicho kilipatana na Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ambayo ndiyo yenye dhamana ya maktaba, ili kusaidiana kuikarabati McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Matawi yalitangulia kutengenezwa. Uamuzi huo ulikuwa na maana yake, kwa kuwa vijana na watoto wa mitaa hiyo ndio wenye haja kubwa ya mahali pa kusomea. Katika jengo kuu kazi ya nyaraka ilihitaji subira. Kwanza kila kitu hupanguswa vumbi na kuandikwa katika orodha, kwa sababu kitu kisichoandikwa hakiwezi kuombwa. Kisha kurasa zilizo dhaifu hupigwa picha moja moja na kuhifadhiwa katika kompyuta. Tangu hapo msomaji aweza kuutazama ukurasa bila kuugusa, na karatasi yenyewe ikapumzika mahali pakavu. Picha moja yaweza kusomwa na watu mia kwa siku moja isichakae.

Kazi ya namna hii haina shangwe. Hakuna utepe wa kukata kila jioni wala ngoma ya kuchezwa. Ni kazi ya mikono safi na macho yenye subira, na faida yake huonekana tu siku mtu asiyejulikana anapoingia na kuuliza swali, akajibiwa.

KUMBUKUMBU ZIKIFICHWA

Yupo atakayefikiri kwamba haya ni mambo ya wasomi wa chuo kikuu. Habari iliyotokea London yatosha kumwonyesha sivyo. Kabla ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, watawala waliteketeza majalada mengi ya siri, na mengine wakayasafirisha kwenda Uingereza. Kwa karibu miaka 50 majalada hayo hayakuonyeshwa kwa umma. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za wakati wa Hali ya Hatari walipokuwa wakidai haki yao katika mahakama ya London, Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada hayo yako mahali paitwapo Hanslope Park. Yakatolewa, yakasomwa. Mwaka 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Wazee hao walikuwa wamesema kweli siku zote, lakini neno la mnyonge peke yake lilipuuzwa. Karatasi ziliposimama pamoja nao, haikuwezekana tena kuwapuuza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Lakini haki iliyo katika kitabu yahitaji mahali pa kutumiwa. Maktaba iliyo wazi, yenye orodha nzuri na meza safi, ni mahali pa namna hiyo.

FUNZO KWA KILA NYUMBA

Kila nyumba ina hazina yake ndogo ya karatasi: hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, stakabadhi za chama cha ushirika, barua za baba aliyefanya kazi mbali, picha ya nyanya akiwa msichana. Mara nyingi hati ya shamba huzungushwa chini ya godoro, ikatafutwa tu siku ya ugomvi, na wakati huo panya wamekwisha kula pembe yenye namba.

Watunza nyaraka hushauri mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi. Karatasi ziwekwe katika sanduku lenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua na moshi, wala sanduku lisikae juu ya sakafu ya udongo. Pini na vibanio vya chuma viondolewe, kwa kuwa vikipata kutu hula karatasi. Ukurasa uliochanika usibandikwe kwa utepe wa gundi, maana gundi hiyo baadaye huacha doa lisilotoka. Nyuma ya kila picha yaandikwe taratibu, kwa kalamu ya risasi, majina ya watu, mahali na mwaka, wakati yupo bado mtu anayewakumbuka. Nakala ya hati iliyo muhimu iwekwe katika nyumba nyingine, ili moto mmoja usimalize vyote.

Na katibu wa chama cha wakulima, wa kanisa, wa msikiti au wa ukoo asione daftari la mikutano kuwa takataka likijaa. Anayeandika leo bei ya maziwa, au majina ya watu waliochangia kujenga shule, anawaandikia watu ambao hawajazaliwa.

Ile maktaba ya barabara ya Banda ilijengwa kwa ukumbusho wa mtu mmoja, na kwa muda mrefu ikawatumikia watu wachache. Leo thamani yake iko katika kumbukumbu za wale ambao zamani hawakuruhusiwa kuingia. Mkulima akifika Nairobi kwa shughuli zake, au karani akipata saa moja ya mapumziko, asiogope ngazi wala simba. Na aingie aulize. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo, lililobaki ni kulifungua na kulisoma.