Merv Griffin: Fedha za televisheni zilivyokutana na deni la majengo

Mwenye fedha taslimu anapoingia katika biashara ya majengo huwa na nguvu kuliko wenzake, kwani hahitaji kubembeleza benki. Nguvu hiyo humtoka siku anapoanza kununua kwa deni. Merv Griffin wa Marekani, aliyefariki mwaka 2007, aliyaonja yote mawili.

Griffin alizaliwa California mwaka 1925. Alianza kwa uimbaji, akawa mtangazaji, kisha mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Vipindi viwili vya mashindano alivyovibuni, Jeopardy! (1964) na Wheel of Fortune (1975), ndivyo vilivyomtajirisha. Mwaka 1986 aliiuza kampuni yake kwa Coca-Cola, iliyokuwa ikimiliki Columbia Pictures wakati huo, kwa dola milioni 250.

Mwaka uliofuata alinunua hoteli ya Beverly Hilton kwa takriban dola milioni 100 na kuikarabati. Aliiuza mwaka 2003 kwa takriban milioni 130. Ukigawa ongezeko hilo kwa miaka 16, halifiki asilimia 2 kwa mwaka, yaani chini ya mfumuko wa bei wa Marekani wa kipindi hicho. Faida ya hoteli, basi, hutafutwa kila siku katika vyumba, kumbi na jikoni. Anayekaa kungoja bei ya jengo ipande anaweza kungoja bure.

Pigo lilitoka Resorts International, kampuni ya kasino na hoteli za Atlantic City na Paradise Island, Bahamas. Mwaka 1988 Donald Trump alitaka kununua hisa zilizobaki kwa dola 22 kila moja. Griffin akajitokeza na ahadi ya dola 35. Baada ya mvutano waligawana: Trump akachukua kasino ya Taj Mahal, iliyokuwa bado inajengwa, na Griffin akabaki na kampuni pamoja na madeni yake. Sehemu ya ununuzi ililipiwa kwa hati fungani za riba kubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Jengo likiingiza shilingi milioni 10 kwa mwaka na riba ikadai milioni 12, wingi wa wageni mlangoni hauliokoi. Mwaka 1989 Resorts ilishindwa kulipa na kuomba ulinzi wa mahakama. Katika mpango wa mwaka 1990 wenye hati walichukua sehemu kubwa ya hisa.

Mwaka 1994 Paradise Island iliingia mikononi mwa Sol Kerzner wa Afrika Kusini, ambaye aliijenga upya kuwa Atlantis, hoteli yenye sifa duniani. Ardhi ilikuwa ileile, na bahari ileile. Kilichobadilika ni bei ya kuinunua na mzigo wa deni.

Kwa mwekezaji mdogo, kabla ya kuuliza kiwanja kiko wapi, uliza kwanza kodi ya mwaka itailipa riba mara ngapi.