Unanyolewa Chesi Kila Wikendi? Shika Ufunguzi Mmoja na Uache Kugawa Kete

Hii stori unaijua. Umekesha YouTube ukimeza Sisiliani, hatua kumi na mbili mfululizo, mpaka bando ikaisha. Jumamosi unaingia base kifua mbele. Mpinzani wako ni yule buda ambaye siku zote humwona akicheza drafti ya vifuniko vya soda pale stage. Hatua ya pili tu, anasogeza poni ambayo video haikutaja. Hatua ya nane, farasi wako anamangwa bure. Hatua ya ishirini mfalme wako amebanwa kwa kona na mbogi inakucheka.

Ukifika keja unafanya nini? Unasaka ufunguzi mwingine. Hapo ndio ngori huanza.

Wasee wengi huacha chesi wakifika hapa. Wanajiambia huu mchezo ni wa watu wa akili nyingi, wao hawakupewa. Si kweli. Akili wako nayo, ni dawa tu wanameza ya ugonjwa ambao hawana. Chukua mechi zako kumi za mwisho ulizochapwa uziangalie polepole. Nyingi utapata uliacha kete bila mlinzi, ama hukuona kitu jamaa alikuwa anakupangia. Hakuna jina la ufunguzi linaloweza kukuokoa hapo.

Lakini lazima uanze mechi na kitu. So chagua hivi.

Kazi ya ufunguzi ni tatu tu

Moja, kushika katikati, ile miraba minne ya e4, d4, e5 na d5. Mbili, kutoa farasi na maaskofu nje ya nyumba. Tatu, kumficha mfalme: anaruka miraba miwili kuelekea kwa ngome, na ngome inaruka inasimama upande wake wa pili.

Kwa nini katikati? Weka farasi peke yake kwa ubao. Akiwa katikati anaweza kufika miraba 8. Akiwa kwa kona anafika 2. Ni farasi yule yule, lakini mmoja ana kazi na mwingine ameketi tu.

Ukiwa na nyeupe

Kama unapenda vita mapema, shika mchezo wa Kiitaliano. Poni ya mbele ya mfalme inaenda e4, jamaa anajibu e5. Farasi wako anatoka hadi f3 na kutishia hiyo poni, yake anatoka hadi c6 kuilinda. Halafu askofu wako anakaa c4. Huyo askofu anaangalia f7, mraba ambao mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Mwitaliano Gioachino Greco alikuwa akiandika mechi za aina hii kwenye miswada yake miaka ya 1620, na hadi leo mabingwa wa dunia wanaicheza. Haijazeeka.

Kama wewe ni mtu wa kutulia, chukua mpangilio wa London. Poni d4, askofu wa upande wa malkia f4, kisha poni e3 na c3, na farasi f3. Uzuri wake ni kwamba unapanga karibu vile vile hata jamaa afanye nini. Chunga kitu kimoja: askofu atoke kabla ya poni kwenda e3. Ukifunga mlango kwanza, atabaki ndani.

Chagua moja kati ya hizo mbili. Usibebe zote.

Ukiwa na nyeusi

Akianza na e4, jibu e5. Ni rahisi kuelewa, na itakufundisha mambo mengi. Akianza na d4, jibu d5, halafu e6, farasi f6, askofu e7, ficha mfalme. Basi. Hiyo inakutosha miezi kadhaa.

Kuna mtego mmoja lazima uujue kwa sababu kila mtaa una msee anayeishi nao: ile chekimeti ya hatua nne. Umecheza e5, na yeye malkia wake anaruka mapema hadi h5. Usikurupuke kumfukuza na poni ya g6, maana atakula poni yako ya e5, apige hodi kwa mfalme na wakati huo huo aonje ngome yako ya h8. Toa farasi hadi c6 kwanza, ulinde e5. Akileta askofu c4, sasa ndio unacheza g6. Malkia akirudi f3 kutafuta f7 tena, farasi wa pili anatoka f6 na kumfungia njia. Sasa hesabu: wewe una farasi wawili nje, yeye malkia wake anatembea tu kama amepotea tao.

Meza sababu, si hatua

Hapa ndio video nyingi hukuharibu. Unakariri hatua, hujui zinafanya nini. Jamaa akitoka nje ya njia, umekwama.

Mfano: uko na nyeusi, mnacheza ule wa Kiitaliano, na umetoa farasi wa pili hadi f6. Nyeupe anaruka na farasi hadi g5. Ukijua sababu, unaona mara moja: farasi na askofu wote wanaangalia f7. Unacheza poni d5 kufunga njia ya askofu. Anaila na poni yake. Mkono utakuwasha uirudishe na farasi. Wacha. Ukiirudisha, farasi wake anaweza kujitoa sadaka pale f7 na mfalme wako avutwe nje bila nguo. Badala yake peleka farasi wa c6 hadi a5, umtishe askofu. Umetoa poni moja, lakini umepata nafasi ya kupumua na kushambulia.

Ukielewa hiyo moja vizuri, ina faida kuliko kukariri hatua hamsini.

Sasa, mahali pointi zako zimejificha

Rudi kwa yule buda wa drafti. Kwani alikuwa amesoma nini? Kwa drafti, kete ikiweza kula, lazima ile. Kwa hivyo miaka yote hiyo amezoea kuangalia nani anaweza kula nani kabla hajagusa chochote. Hiyo tabia ameibeba hadi kwa chesi. Wewe ulikuja na hatua za YouTube, yeye alikuja na macho.

Ichukue hiyo tabia. Kabla ya kila hatua jiulize: mfalme gani anaweza kupigwa hodi? Nani anaweza kuliwa? Na huyu jamaa, hatua yake ya mwisho inataka nini? Jiulize hata ukiwa na uhakika, maana hapo ndio watu huliwa malkia.

Pili, fumbo kila siku, dakika kumi na tano. Lichess inakupa mafumbo bure, bila kulipa hata ndururu. Usibahatishe. Ona jibu lote kichwani ndio uguse simu.

Tatu, punguza zile mechi za dakika moja. Ni tamu, lakini hazikupi muda wa kufikiria, na huwezi kujifunza kufikiria bila kufikiria. Cheza za dakika kumi na tano kwenda juu.

Nne, ukichapwa, usibonyeze mechi mpya kwa hasira. Pitia ile uliyopoteza, kwanza na kichwa chako, utafute ni wapi maji yalizidi unga. Halafu ndio uulize kompyuta. Andika sentensi moja kwa daftari: "Nilisahau askofu wake wa mbali." Baada ya mechi ishirini utaona kosa lako ni lile lile moja linalobadilisha nguo.

Tano, jua kumaliza. Uko na malkia na mfalme, yeye amebaki na mfalme pekee, halafu unamfungia njia zote bila kumpiga hodi. Hiyo ni sare. Ushindi umeutupa mwenyewe. Fanya mazoezi ya kumaliza na malkia, kisha na ngome, hadi uweze ukiwa na usingizi.

Na kama unadhani ni ya watu wengine

Uliona filamu ya Queen of Katwe ya 2016, ile Lupita Nyong'o anaigiza kama mama? Hiyo ni stori ya kweli ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Aliingia kwa programu ya Robert Katende, mahali watoto walikuwa wanapewa uji, na mtoto mdogo kumliko ndiye alimwonyesha jinsi kete zinatembea. Mwaka wa 2010 alikuwa anachezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Urusi. Hakuanza na maktaba ya funguzi. Alianza na ubao, watu wa kucheza nao, na kurudi kila siku.

So mpango ni huu: ufunguzi mmoja wa nyeupe, majibu mawili ya nyeusi, miezi mitatu bila kubadilisha. Utachapwa bado, usijidanganye. Lakini ukichapwa utajua ni kwa nini, na wiki ijayo hutachapwa na hiyo.

Jumamosi ukirudi base, muulize yule buda mcheze tena. Akikunyoa, mwambie muirudie pamoja, akuonyeshe aliona nini. Wengi hufurahi kuulizwa. Na siku utakayoona farasi wako anatishiwa kabla hajaliwa, utaskia base yote ikinyamaza.