UZI: Pombe na mimba, tunabishana kuhusu nini hasa?

1/ Kila siasa ikichemka hapa kwetu Asumbi, hoja ya pombe inarudi. Upande mmoja unataka mabaa yafungwe kuanzia Rongo hadi Rodi Kopany. Upande mwingine unajibu ati chang'aa ndiyo imesomesha watoto. Wote wanapigiwa makofi. Anayesahaulika ni mtoto aliye tumboni. Uzi huu ni wake. Sitaji mwanasiasa wala chama, kwa hivyo tulieni.

2/ Ukweli kwanza. Mjamzito akinywa, pombe inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini lake bado changa, haliwezi kuiondoa haraka. Ubongo ndio unaumia zaidi. Anaweza kuzaliwa mdogo, kisha baadaye akasumbuka kukumbuka, kutulia na kushika masomo. Wengi sura haionyeshi chochote, kwa hivyo shuleni wanaitwa wajinga ama watundu. Madhara haya hayaponi, ingawa msaada wa mapema unafaa sana.

3/ Si habari mpya. Daktari Paul Lemoine aliandika kuhusu watoto hawa huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa huo jina. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito. Na busaa ni pombe, hata ukiiita uji.

4/ "Hiyo ni tabia ya mtu, siasa inaingiaje?" Tazama Western Cape, Afrika Kusini. Wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walilipwa sehemu ya mshahara kwa mvinyo. Mfumo huo uliitwa dop. Ulipigwa marufuku, lakini ulevi ulibaki, na eneo hilo lina viwango vya juu zaidi vya tatizo hili kuwahi kuripotiwa duniani. Uchumi ndio ulijaza glasi.

5/ Rudi nyumbani. Anayepika chang'aa ni nani? Mara nyingi ni mama. Anapika alipe karo, na mpishi lazima aonje. Anaweza kuwa na mimba ya wiki tano na hata hajajua. Ukimwambia "acha" bila kumwonyesha kazi nyingine, umemwambia nini?

6/ "Si kuna sheria?" Ipo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu chang'aa, mradi itengenezwe kwa viwango na ipakiwe kwenye chupa yenye onyo la afya. Sasa niambie, chang'aa ya jerikeni inayouzwa kwa glasi, onyo litabandikwa wapi? Na pendekezo la 2025 la kupandisha umri wa kunywa hadi miaka 21 halimgusi mjamzito wa miaka 28.

7/ "Basi washtakiwe." Baadhi ya majimbo ya Marekani yamejaribu kuwaadhibu wajawazito wanaokunywa. Utafiti umehusisha sera kama hizo na wanawake kukwepa kliniki na watoto wengi zaidi kuzaliwa na uzito mdogo. Ni rahisi kuelewa: nesi akigeuka polisi, nani atamwambia ukweli?

8/ Hapa ndipo nataka mkae macho. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti vituo vya afya vya kaunti. Jedwali hilohilo linaipa leseni za pombe. Yaani serikali inayokusanya ada ya baa ndiyo inayoendesha dispensari. Akisema "hiyo ni kazi ya Nairobi", mwonyeshe Jedwali.

9/ Kwa hivyo mwakilishi wadi akija, muulize:
– Kliniki za wajawazito zinauliza kuhusu pombe ziara ya kwanza, bila kumwaibisha mtu?
– Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wamefunzwa kuzungumzia hili kwa Dholuo?
– Mama akitaka kuacha kupika, kuna mtaji gani?
– Pesa za leseni, ngapi zinaenda kwa haya?
Makadirio ya bajeti yanafikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Mkiuliza Juni, mmechelewa.

10/ Kwa dada anayesoma hii na tayari alikunywa: usijifiche. Ubongo wa mtoto unakua hadi mwisho wa mimba, kwa hivyo kuacha leo kunasaidia. Kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka, usiache ghafla peke yako, nenda hospitali usaidiwe. Na wewe baba, acha kumnunulia. Afadhali uache naye.

Maswali hapa chini. Matusi ya vyama pelekeni kwingine.