Kamba za Merikebu Ndogo

Mtu asimamapo katika nyumba ya makumbusho mbele ya mfano wa manowari ya kale, aghalabu husifu kwanza mbavu za chombo, mizinga yake midogo na nakshi za shetri, wala hatambui kwamba lile limfanyalo aamini, au ashuku bila ya kuijua sababu, ni kamba. Ubao waweza kuchongwa kwa kipimo chochote ukabaki ubao. Lakini uzi wa dukani uliofungwa mlingotini, hata unene wake ukipatana na hesabu, ni uzi wa cherehani, na mtu aliyewahi kushika demani kwa mikono yake huutambua mara moja.

Chukua mathalani Victory, manowari ya Kiingereza iliyoundwa Chatham na kushushwa majini mwaka 1765, ambayo mafundi wa mifano hawachoki kuiunda. Amari yake ya nanga ilikuwa ya inchi 24, na inchi hizo ni za mzingo, si za upana, kwa kuwa Waingereza wa zama zile walipima kamba kwa kuizungushia kipimo. Mwanafunzi asiyelijua hilo huivika merikebu yake kamba nene mara tatu kuliko stahiki yake. Inchi 24 zikigawanywa kwa 3.14 hutoa upana wa milimita 194 hivi, na katika mfano uliopunguzwa mara 64 huwa milimita 3. Kamba ya inchi 3 katika mfano huo huo haifiki hata nusu milimita.

Kamba yoyote iliyo njema ni suluhu baina ya nguvu mbili zinazogombana. Nyuzi za katani husokotwa kuelekea kulia. Nyuzi kadha zikikusanywa husokotwa kushoto zikawa msokoto mmoja. Na misokoto mitatu hupindwa tena kulia ikawa kamba, kila hatua ikiizuia ile iliyotangulia isifumuke. Ukiisimamisha kamba hiyo mbele ya macho utaona mishazari yake ikipanda kutoka kushoto chini hadi kulia juu, sawa na mstari wa katikati wa herufi Z. Kamba tatu za namna hiyo zikipindwa pamoja kushoto hutoa amari ya misokoto tisa, ambayo mishazari yake hufuata herufi S. Huko Chatham kazi hii ilifanyika, na hata leo hufanyika, ndani ya jengo lenye urefu wa mita 346, maana kamba haiwezi kuwa ndefu kuliko njia isokotewayo, na kwa kanuni ya kale theluthi moja ya urefu wa nyuzi hupotea katika kusokotwa. Mfaransa Duhamel du Monceau, katika kitabu alichokitoa mwaka 1747, aliipinga kanuni hiyo, akionyesha kwa majaribio kwamba kamba iliyokazwa kupita kiasi hupungukiwa na nguvu.

Hapa ndipo penye mtego. Uzi wa cherehani uuzwao madukani aghalabu umekwisha kumalizwa kwa mpindo wa Z. Fundi mwenye haraka huchukua nyuzi tatu za aina hiyo akazifanya ndizo misokoto. Akizipinda kulia hazishikani, bali hujikunjakunja na kuachana mara zitokapo katika kulabu. Akizipinda kushoto hushikana vizuri mno, naye hufurahi, kumbe ametengeneza mpindo wa amari na kuufunga mahali pa henza. Dawa yake ni kuuhesabu uzi wa dukani kuwa uzi tu: nyuzi mbili au tatu zisokotwe kwanza kushoto, ndipo misokoto mitatu ya namna hiyo ipindwe kulia.

Chombo cha kazi hii si cha ajabu. Upande mmoja pana kulabu tatu zinazozungushwa na mkono mmoja, upande wa pili kulabu moja iliyo juu ya kigari chenye uzito, ili kisogee kadiri misokoto inavyofupika. Na katikati ya misokoto hukaa pia ndogo ya mti yenye mifuo mitatu, ambayo huanza karibu na kulabu moja na kusukumwa na kamba yenyewe kuelekea kwenye zile tatu. Siri yote imo katika pia: ukiiacha ikimbie, mishazari hulala na kamba hulegea; ukiizuia kwa vidole, kamba hukaza. Kisha kunja kipande cha kamba kiwe kitanzi na kukining'iniza. Kitanzi kikitulia, nguvu zimelingana, na kikijizungusha, mpindo mmoja umeuzidi mwingine. Unene wa kamba ya misokoto mitatu huwa kama mara 2.15 ya msokoto mmoja, na kwa hesabu hiyo mtu huchagua uzi wake kabla ya kuanza.

Uzi wa kitani hupendeza, lakini una manyoya, nayo huondolewa kwa kuipitisha kamba upesi juu ya ndimi za mshumaa na kuipaka nta ya nyuki kidogo. Uzi wa poliesta usithubutu kuukaribisha na moto, utayeyuka. Kwa sababu hiyo ya manyoya, hata aundaye mfano wa mtepe wa Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hawezi kuyatumia makumbi yenyewe, kwani katika kipimo kidogo kila unywele wake husimama. Kamba zishikazo milingoti zilipakwa lami ya misonobari, basi rangi yake ni kahawia iliyokolea, si weusi wa makaa kama wengi wapendavyo.

Kamba ikishalazwa usiku mzima chini ya uzito, huhifadhiwa juu ya kigogo cha mti kilichokerezwa, na hapa watu wengi huzembea. Kiini chembamba huifundisha kamba kujipinda, nayo haisahau hata ikifungwa mlingotini. Kwa hiyo kiini kisipungue milimita 20. Mti uwe mkavu, wenye chembe ndogo, na mwaloni uepukwe, maana mvuke wake una asidi ijulikanayo kwa kula vifaa vya risasi katika makabati ya mifano. Ncha ya kamba ibanwe katika mkato mwembamba ukingoni, isifungwe fundo. Juu ya ukingo huo huo yafaa kuandikwa unene wa kamba, idadi ya nyuzi na upande wa mpindo, Z au S, kwa kuwa mfano mmoja huweza kuchukua miaka, na fundi atakaporudi kusokota nyingine hatakuwa na mwalimu mwingine wa kumwambia aliitengenezaje ile ya kwanza.